Miaka Minne Sikuvuka Kwenda Kamanga

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Kwaya wameitika vizuri, ila wale wazee wa benchi la nyuma bado wanafikiria. Nasema Bwana Yesu asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Naitwa Sospeter. Wengi mmezoea kuniona kule pembeni kwenye mitambo, nikihangaika na nyaya huku mchungaji akininyooshea kidole sauti ipande. Leo kidole hicho kimeniita huku mbele. Kwa muda mrefu nimemkwepa. Kila akiniomba nishuhudie, nilikuwa nasema spika moja inakoroma, ngoja kwanza niiangalie. Ndugu zangu, spika haikuwa inakoroma. Nilikuwa naona aibu.

Wenye umri wangu mnaweza kulikumbuka jina la DJ Sospa. Usicheke, mama, wewe uliwahi kuja, nakukumbuka! Ndiye mimi. Kabla ya kipara hiki nilikuwa na nywele, na mji huu wa Mwanza ulikuwa unanijua.

Mimi ni mtoto wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Nyumbani kwetu ukisimama mlangoni unaiona Mwanza yote, mawe yake na mabati yake. Baba alifariki nikiwa mdogo. Tulibaki na mama, ambaye tulimwita Mayu kama wanavyoita Wasukuma, na dada yangu mdogo Leah. Mayu alikuwa mtu wa jembe. Kule kwetu watu wakilimiana shamba, mmoja anapiga ngoma na majembe yanapanda na kushuka pamoja: tu, tu, tu, tu. Mayu walimweka katikati ya mstari kwa sababu alikuwa hakosei. Mimi nilikaa kivulini nimempakata Leah, namwangalia mama yangu. Nilimpenda sana. Naomba mlishike hilo, maana nitakayoyasema yanaweza kuwafanya mdhani sikumpenda.

Nilivuka kuja mjini kujifunza ufundi redio, nikapanga chumba hapa hapa Nyakato. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Zamani kidogo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, halafu ghafla kila kitu kikaingia: baiskeli, redio, marobota ya mitumba. Tajiri mmoja akaleta spika kubwa na mashine mbili za kupigia santuri, akafungua ukumbi wa disko mjini, si mbali na gati la feri ya Kamanga. Mashine zikamshinda. Akaniita nizifunge, nikazifunga, nikabaki nazo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa DJ, ndugu zangu. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa mtu wa karibu mwenye bisibisi.

Sasa siku moja mama mmoja muuza mitumba alifungua robota lake la makoti, akakuta ndani yake santuri kumi na moja zisizo na makasha. Nani ameziweka humo, Mungu ndiye anajua. Akaniletea maana hakuna aliyezitaka. Nikaweka moja. Haina mwimbaji, haina gitaa, ni ngoma na kinanda tu. Nilisimama mikono imeganda! Ile ngoma ilikuwa inakwenda tu, tu, tu, tu, haina haraka na haisimami. Nikamwona Mayu na jembe lake. Watu walioirekodi sijui walikuwa wapi huko duniani, lakini kwangu mimi walikuwa wanalima. Baadaye nikaambiwa muziki ule unaitwa hausi.

Mwanzoni watu waligoma. Jamaa mmoja alikuja kuniuliza kwa upole kabisa kama mwimbaji amechelewa. Walioipokea ni wasichana wa viwanda vya samaki. Wiki nzima wamesimama kwenye meza wanakata minofu ya sangara, miguu inawauma, lakini Jumapili mchana walijipanga mstari mmoja na kuikanyaga ngoma ile kama wamezaliwa nayo. Mimi nikajifunza kuunganisha. Santuri moja ikiwa inaendelea, unaishika nyingine kwa kidole, unasikiliza, unaiachia pale pale ambapo ngoma mbili zinakuwa hatua moja, na mchezaji hajui kama wimbo umebadilika. Nilikuwa najua kuunganisha, sijisifu, nasema kweli. Nilikuwa naunganisha huku honi ya feri inasikika nje, na nikawa nasema moyoni, Jumamosi ijayo nitavuka nikamwambie Mayu kwamba nimeipata ngoma yake kwenye robota la makoti.

Na nilikuwa navuka! Mwaka ule wa kwanza nilivuka karibu kila wiki. Halafu ukafunguliwa ukumbi wa pili, ng'ambo ya barabara tu, tunatazamana mlango kwa mlango. Wakaleta DJ kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye miwani myeusi na viatu vyeupe. Jumapili ya kwanza nusu ya watu wangu wakaenda kwake. Jumapili ya pili wale wasichana wa minofu nao nikawaona wanaingia mlango ule.

Hapa Wasukuma mtanielewa upesi. Babu yangu mzaa baba alikuwa manju, kiongozi na mtunzi wa ngoma. Mnajua mashindano ya ngoma yalivyo. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, huku na huku, na anayeshinda ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Na mnajua kwamba manju hakuwa anategemea koo lake tu. Alikuwa na dawa ya kuvuta watu. Mimi nikatazama ile barabara, ukumbi huku na ukumbi kule, nikasema, hizi si ni ngoma mbili uwanja mmoja? Nikaenda upande wa Magu kwa mzee aliyekuwa akimtengenezea babu dawa.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alinikaribisha, akaniulizia ukoo, akanichanja vidole vyote kumi, akanipa pembe ndogo iliyofungwa kitambaa cheusi nikaifunge ndani ya spika. Kisha akanipa mwiko. Usivuke ziwa, akasema. Babu yako naye hakuvuka maji wakati wa mashindano. Ukivuka, mikono yako itasahau kazi. Na usimwambie mtu.

Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema, mpaka msimu uishe. Ngoma zina msimu, miezi miwili mitatu, halafu watu wanarudi kulima. Kisha akaniuliza, hiyo ngoma yako msimu wake unaisha lini?

Na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nikajibu, disko halina msimu. Linapigwa kila wiki.

Mzee akasema, basi ni juu yako. Nikamuuliza, je, nikizunguka kwa barabara, nipitie Shinyanga na Kahama nitokee Geita? Akasema ni yale yale. Ndugu zangu, alinipa nafasi ya kuacha. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapana mzee, nina mama ng'ambo. Sikusema. Nilikuwa namfikiria yule kijana wa viatu vyeupe.

Dawa ikafanya kazi, au nikadhani imefanya. Mwezi haukuisha, yule DJ akatoweka na ule ukumbi ukageuzwa kuwa stoo ya simenti. Miaka mingi baadaye nilikuja kusikia kwamba alipata kazi Arusha. Pembe ikachukua sifa! Ukumbi wangu ukajaa mpaka watu wakawa wanachezea nje. Kila mahali ni Sospa, Sospa. Na mimi nikawa sivuki.

Mayu alikuja mara moja kuniona. Alikaa kwangu siku mbili, akanipikia, hakunilaumu. Siku ya kurudi nilimsindikiza hadi gatini nimembebea furushi. Tulipofika pale chuma cha feri kinapoanzia, nikasimama. Akageuka akasema, "Hata humo ndani hunifikishi?" Nikamwambia, Mayu, nina haraka, kazi inaningoja. Hakukuwa na kazi, ilikuwa Jumanne. Nilikuwa naogopa kukanyaga kile chuma. Akalichukua furushi lake, akapanda mwenyewe, akakaa amenipa mgongo. Baada ya hapo miguu ikaanza kumvimba, na hakuja tena.

Miaka minne! Na nyumbani napaona! Kama ningekuwa nimefungwa nchi ya mbali, moyo ungezoea. Lakini mimi nikifika mjini asubuhi nauona ule mwambao, na siku ya hewa safi nauona moshi wa asubuhi na sijui kama ni wa jikoni kwa mama au wa jirani. Siku zisizo za kazi nilikuwa nateremka gatini nasimama tu. Makarani wa tiketi wakanizoea. "DJ, leo unavuka?" Leo sivuki, ndugu yangu. Watu wa kwetu walikuwa wananiletea michembe kutoka kwa Mayu, vile viazi vyake alivyovikata na kuvianika mwenyewe, amevifunga kwenye kipande cha kanga yake. Nilikuwa nakinusa kile kitambaa. Mnasikia? Mtu mzima, DJ wa mji, anasimama gatini ananusa kipande cha kanga, halafu anarudi mjini.

Na wale walioleta salamu walikuwa wananiangalia vibaya, na walikuwa na haki. Walisema amepata jina, amemsahau mama. Ningewajibu nini? Nilikatazwa kusema.

Nikabuni ujanja. Nikampelekea Mayu redio yangu ya kaseti pamoja na kanda, nikarekodi salamu zangu, na upande wa pili nikaweka ile ngoma ya robota. Nikajidanganya kwamba nimefika. Ikapita miezi. Halafu Jumapili moja, kama saa saba mchana, abiria mmoja wa feri akaniletea kanda ile ile ukumbini, juu yake mwandiko wa Leah: Kwa Kaka.

Nilikuwa najiandaa kwa disko la mchana. Redio yangu iko kwa Mayu, kwa hiyo nikaitia kanda kwenye mtambo wa ukumbi. Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Rahabu aliyekuwa anafagia. Wazee mnamkumbuka, alikuwa wa kanisa hili, tumemzika hapa. Nikabonyeza. Sauti ya mama yangu ikatoka kwenye zile spika kubwa ikajaa ukumbi mzima.

Kwanza walisikika kuku. Kisha akanisalimu, akaulizia afya yangu. Kisha unasikia Leah ananong'ona, endelea Mayu, inachukua. Akasema, "Sospeter, mwanangu, nimekaa nikafikiri sana. Kama nilikukosea, nisamehe. Labda ni siku ile nilikuchapa kwa ajili ya mbuzi aliyepotea, kumbe hukumpoteza wewe. Labda ni zile shuka nilimpa Leah na wewe ulizitaka. Mimi sijui. Niambie ni lipi, nitubu, ili uje."

Nilikaa chini. Pale pale sakafuni, kwenye vumbi aliloanza kulikusanya Mama Rahabu. Mama yangu anaomba msamaha! Anajipekua miaka minne kutafuta kosa lake, mpaka amefika kwa mbuzi wa mwaka gani sijui, wakati kosa liko hapa kwangu, limefungwa kitambaa cheusi ndani ya spika hiyo hiyo inayotoa sauti yake.

Mama Rahabu akaacha ufagio. "Baba, huyo ndiye mama yako? Amekukosea nini?" Sikuweza kuendelea kunyamaza. Nikamwambia yote, Magu, pembe, chale, mwiko. Nilisema huku nimeangalia vidole vyangu, nikingoja vianguke. Yeye hakushangaa hata kidogo. Alinishika kichwa akaomba kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeongea na mtu aliyekaa naye. Akasema, "Bwana Yesu, huyu anamtaka mama yake. Mfungue." Basi. Ndilo ombi lenyewe lote. Kisha akasema, "Feri ya saa nane bado haijaondoka. Chukua bisibisi utoe hicho kitu. Tunavuka wote."

Nje watu walikuwa wameshaanza kujipanga mlangoni. Mwenye ukumbi anateremka kwenye gari lake. Nilijua nikipita pale, jina langu limekwisha. Na kama yule mzee alisema kweli, mikono nayo imekwisha, na mimi sikuwa na kitu kingine duniani isipokuwa mikono hiyo. Nilipita, ndugu zangu! Wanaita Sospa, Sospa, na mimi nakimbia nyuma ya mama mzee mwenye kandambili. Haleluya!

Kwenye ile feri nilikuwa bado nimeishika ile pembe. Tulipofika katikati, Mama Rahabu akaichukua pembe kutoka mkononi mwangu akaitupa majini kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Ziwa halikuchafuka. Mama mmoja akaendelea kunyonyesha mtoto, mwingine akaendelea kulalamika kwamba kuku wake wanabanwa. Nikaikunja mikono na kuikunjua. Nikalia, na hakuna aliyenijali.

Mayu alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Amekonda! Nikapiga magoti. Shikamoo, Mayu. Akasema marahaba, akaushika uso wangu, na kabla ya maji ya kunywa, kabla ya lolote, akauliza, "Ni lipi, Sospeter? Lile la mbuzi?"

Nikamweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza tena, polepole, "Kwa hiyo sikukukosea?"

"Hukunikosea, Mayu."

"Basi." Akamwambia Leah ateleke maji ya ugali. Jioni hiyo alikula akamaliza, na Leah akaniambia hajamwona akimaliza chakula tangu mwaka juzi.

Jumapili iliyofuata alinishika bega tukaenda taratibu mpaka kanisani kwao, na hapo nikampa Yesu maisha yangu. Mungu alinipa miezi mitano na mama yangu. Nililima, yeye amekaa pembeni ananikosoa. Alisema jembe langu halina mpangilio. Akalala usingizi wa mauti mwezi ule wa tano, viazi vikiwa vimekomaa.

Sasa wengine mnangoja niseme kwamba muziki ule ulikuwa wa shetani. Sitasema. Ilikuwa ngoma ya watu wanaolima na nilimwona mama yangu ndani yake. Shetani alikuwa kwenye woga wangu wa kupitwa na kijana wa viatu vyeupe. Na nikiri mbele zenu, mpaka leo nikiwa natandika nyaya hapa peke yangu, vidole vyangu vinagonga meza, tu, tu, tu, tu, na moyo unakwenda mbali sana.

Nina jambo moja limebaki, na ndilo nililokuwa naliogopa kulisema. Baada ya msiba nilirudi mjini kuchukua vitu vyangu. Mwenye ukumbi alikuwa amenisamehe. Akaniomba, piga hata nusu saa tu. Nikasimama mbele ya zile mashine mbili, nikaishika santuri kwa kidole, nikasikiliza, nikaiachia. Ngoma mbili zikawa hatua moja.

Mikono haikusahau kitu! Haikusahau kitu hata kimoja, ndugu zangu. Nilikuwa nimevuka ziwa nikalivuka tena, na pembe iko chini ya maji, na mikono inafanya kazi kama jana. Hapo ndipo nilipolia kilio ambacho sikulia hata kaburini. Kama ingesahau, ningesema haya, kulikuwa na kitu kweli kilichonishika, nilipigana nacho. Hakikuwepo. Nilichungulia nyumbani kwa mama yangu miaka minne kupitia mlango ambao haukuwa umefungwa. Nikaondoa sindano, nikamshukuru yule bwana, nikatoka.

Namshukuru Mungu aliyenitoa. Namshukuru kwa ajili ya Mama Rahabu na ufagio wake. Namshukuru kwa ile miezi mitano, ingawa sitawadanganya, naitamani ile miaka minne mpaka leo, na hakuna ombi linaloirudisha.

Mtumaini Yesu, wewe unayeogopa. Lakini leo nina jambo dogo zaidi la kukuomba. Najua humu ndani kuna mtu ana mama hai, au baba, au dada, na hamjaonana, na sababu unaijua wewe peke yako. Huenda yuko Busisi, huenda yuko nyumba ya tatu kutoka kwako. Inawezekana sasa hivi amekaa anajipekua, anatafuta alikukosea wapi. Usingoje ibada iishe. Mlango uko wazi. Ukiondoka katikati ya mahubiri hapa hatutakusema, tutakuombea. Mchungaji, nakusihi, kwaya wasianze kwanza. Tukae kimya kidogo, tuwaache watoke.